Macho Kabla ya Mdomo: Kumsifu Mtoto kwa Hulka Yake

Mhadhara wa mwalimu mstaafu kwa walimu, wazazi na viongozi wa Kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma

Najua wapo waliofunga vibanda vyao ili waje, na wapo akina mama walioacha dagaa juani wakiwa na wasiwasi wa mawingu. Nimefundisha shule za msingi katika mkoa huu kwa miaka 34, Bunda, Butiama na mwishowe hapa Musoma. Humu ukumbini naona nyuso nilizozifundisha kusoma ambazo leo zimeleta watoto wao. Nikitaja jambo linalokugusa, usiiname. Nimelitaja kwa sababu tulikuwa pamoja.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba sifa tunazowapa watoto ni sehemu ya ufundishaji wenyewe, kama ubao na chaki, na kwamba sifa ileile inaweza kumnyanyua mtoto mmoja na kumzamisha mwenzake wa dawati moja. Kwa hiyo anayetaka kusifu aanze kwa kutazama. Nitalieleza hilo kwa hoja tano. Ya tatu itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mji wetu una deni katika jambo hili. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapahapa Musoma, likatoka Azimio la Musoma: kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Nakumbuka wakubwa walivyopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani hajaandikishwa. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, madarasa yakafurika tena. Kumwingiza mtoto darasani tumejitahidi. Ninalouliza leo ni hili: akishaketi, anasikia nini juu yake mwenyewe?

Hoja ya kwanza: mtoto asiyeambiwa kitu, naye amesikia

Mwaka 1925 mtafiti Mmarekani, Elizabeth Hurlock, alichapisha jaribio lililofanywa kwa hesabu za kujumlisha, kazi ya kawaida ambayo kila mwalimu hapa anaijua. Aliwagawa wanafunzi makundi manne, wakafanya hesabu kwa siku tano. Kundi la kwanza liliitwa majina mbele ya wenzao na kusifiwa kwa kazi ya jana yake. La pili likaitwa na kukaripiwa. La tatu halikuambiwa lolote, ila liliketi chumba kilekile likisikia wenzao wakisifiwa na kukaripiwa. La nne lilikuwa chumba kingine, likafanya hesabu zake bila habari ya yeyote.

Siku ya kwanza baada ya maneno hayo, waliosifiwa na waliokaripiwa wote walipanda. Hapo ndipo wengi wetu tunaposimama na kusema, “Unaona? Ukali unafanya kazi.” Lakini Hurlock hakuishia siku ya kwanza. Kadiri siku zilivyokwenda, waliokaripiwa walianza kushuka, na waliosifiwa wakaendelea kupanda. Wale waliosikia ya wenzao bila kutajwa walipanda kidogo mwanzoni, kisha wakarudi chini.

Kundi hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa ndilo darasa letu. Tazama mstarini siku ya kufunga shule. Tunaita kumi bora, wanapewa madaftari na kalamu, wanapigiwa makofi. Tunaita watoro na watukutu, nao wanapata chao. Waliobaki, ambao ndio wengi, wamesimama juani asubuhi nzima na jina la hata mmoja halikutajwa. Wanarudi nyumbani. Mama anauliza, “Mmeambiwa nini?” Mtoto anajibu, “Hakuna.”

Taifa letu limeiandikia fimbo kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Sifa tumeiacha ijiendee. Anayeipata ameipata.

Hoja ya pili: mgema na tembo lake

Wazee walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimesikia mithali hiyo katika vikao vya walimu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara imetumika kufunga mjadala: usimsifu mtoto, ataharibika. Sisi wa ziwani hatugemi minazi, lakini tuichukue mithali hii kwa uzito wake.

Kwa nini mgema yule alitia maji? Mimi nadhani ni kwa sababu alisifiwa yeye. Aliambiwa, “Wewe ni mgema hodari kuliko wote.” Jina likishajengwa, tembo la kesho halina kazi tena ya kulijenga, lililobaki ni kulilinda, na maji yanaongeza kipimo. Angeambiwa, “Tembo la leo umelichuja vizuri, halina hata nzi,” kesho angechuja tena.

Hayo si mawazo ya mwanamke mmoja wa Kamunyonge tu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha huko Marekani majaribio yao juu ya watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, wakayaweza. Baadhi wakaambiwa wameweza kwa sababu wana akili. Wengine wakaambiwa wamefanya bidii. Walipoulizwa wafanye kazi ya aina gani baada ya hapo, wengi wa waliosifiwa akili walitaka ile itakayowaonyesha kuwa wanaweza. Waliosifiwa bidii, karibu wote, walitaka ile itakayowafundisha kitu, hata kama watakosea. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Baada ya kushindwa huko, waliosifiwa akili walifanya vibaya hata kwenye mafumbo mepesi ya aina ile waliyoyaweza mwanzo. Na walipoambiwa wawaandikie watoto wasiowajua alama walizopata, karibu 4 katika kila 10 ya waliosifiwa akili walijiongezea alama.

Walimu wenzangu, huo wizi wa alama hatujauona? Mtoto tuliyemwita kipanga tangu Darasa la Kwanza, anafika Darasa la Sita, sehemu zinamshinda, anaficha daftari chini ya dawati. Tukimkuta anatazamia kwa jirani tunashangaa: “Hata wewe?” Hata yeye, kwa kuwa tulimpa jina la kulinda.

Nisiwauzie dawa ya kila ugonjwa. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kumfundisha mtoto kuamini katika bidii kuna matokeo madogo kuliko wengine walivyotangaza. Na neno “bidii” nalo linaweza kuwa tusi. Ukimsifu bidii mtoto aliyefanya hesabu rahisi, anaelewa kwamba umemwona mzito. Ukimsifu bidii aliyekesha na bado akakosa, bila kumwonyesha njia nyingine, umempongeza kwa kusukuma gari lisilo na mafuta. Sifa inatakiwa ishike kitu: njia aliyoitumia, kosa alilolirekebisha mwenyewe, mahali alipokuwa amekwama jana.

Baraza la Mitihani, tangu matokeo ya mwaka 2022, limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Wapo waliolalamika. Mimi nililipokea vizuri, na nadhani Mwalimu Nyerere naye angelipokea. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu shule zinazomlea mtoto kujiona wa daraja la peke yake kwa sababu ya mtihani.

Hoja ya tatu: hulka

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu.

Kila mzazi mwenye watoto zaidi ya mmoja anajua kwamba hawakuja sawa. Mmoja alizaliwa analia, mwingine alizaliwa anatazama. Kuanzia mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Stella Chess na mumewe Alexander Thomas, walifuatilia watoto 133 tangu uchanga kwa miaka mingi. Waliona hulka tatu zinazojitokeza: mtoto mwepesi, anayelala na kula kwa saa na kuzoea mambo haraka; mtoto mgumu, mkali wa kilio na mzito wa kukubali mabadiliko; na mtoto anayechelewa kuzoea, ambaye hagomi, anarudi nyuma tu kwanza. Na zaidi ya theluthi hawakuingia kundi lolote, walikuwa mchanganyiko. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Lililo kubwa zaidi ni walichosema baada ya miaka yote hiyo: hulka peke yake haimharibu mtoto wala haimtengenezi. Jambo ni kulingana. Je, wanayoyataka walezi wake na namna wanavyoyataka vinalingana na mtoto huyu alivyo?

Sasa niwaeleze kosa langu. Nilikuwa na msichana Darasa la Nne, mtoto wa mama anayeuza dagaa. Mpole, sauti yake uilazimishe. Siku moja aligawanya namba ya tarakimu nne kwa namba ya tarakimu mbili, hatua kwa hatua, na kando akaweka hesabu ya kuzidisha kuhakiki jibu. Hakuna aliyemfundisha kuhakiki, alijiongeza. Nilifurahi mno. Asubuhi yake nikamtoa mstarini, nikaiambia shule nzima, nikaomba makofi ya kilo. Alisimama ameinamisha kichwa, vidole vinasokota sketi. Nikajua ni aibu ya furaha.

Kwa wiki mbili baada ya hapo kila zoezi aliacha swali la mwisho wazi. Swali moja, la mwisho, siku zote. Nikadhani hajaelewa, nikarudia kufundisha. Ndipo siku aliponisaidia kubeba madaftari kwenda ofisini, tuko peke yetu, akasema bila kunitazama, “Mwalimu, usiniite tena.” Alikuwa akiacha swali ili asiwe wa kwanza. Makofi yale niliyompa kama zawadi yeye aliyalipia.

Tangu siku ile sikumwita. Niliandika kwenye daftari lake, kwa wino mdogo, chini ya zoezi: “Nimeona ulivyohakiki swali la tatu.” Siku ya tatu akajibu chini ya maandishi yangu: “Na la tano pia.” Wazazi wenzangu, hayo maneno manne yameniambia mengi kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Mtoto yule alitaka sana kuonwa. Hakutaka kutazamwa.

Kuna jaribio la mwaka 1944, la Wamarekani Thompson na Hunnicutt, ambalo lingeweza kunionya mapema kama ningelijua. Watoto waligawanywa kwa hulka, wakimya na wachangamfu, wakapewa kazi ya kasi ya karatasi, na kila mara karatasi ikarudi na herufi ya kusema vizuri au vibaya. Wakimya walipanda kwa kusifiwa. Wachangamfu walipanda zaidi walipolaumiwa kuliko waliposifiwa. Tambueni kwamba sifa zenyewe zilikuwa herufi juu ya karatasi ya mtoto mwenyewe, hapakuwa na makofi.

Namwona baba mmoja ametikisa kichwa niliposema wachangamfu walipanda kwa lawama. Tafadhali usiyabebe matokeo yale nyumbani kama kibali. Kazi ile ilikuwa ya kasi, ya muda mfupi. Haikuwa kusoma habari na kuelewa, haikuwa kufikiri. Na lawama ilikuwa herufi moja; haikuwa kofi wala neno “kilaza”. Ninachokiona mimi katika matokeo yale ni kwamba mtoto mchangamfu anayeambiwa “vizuri, vizuri, vizuri” anaona kazi imeisha. Anahitaji kitu cha kushindana nacho.

Nilikuwa naye pia huyo, tena wengi. Mvulana asiyekaa dawatini, jibu limemtoka kabla swali halijaisha. Ukimpa makofi anageuka kuwaangalia waliopiga, na dakika kumi zinazofuata ni zake za kuchekesha. Kwa mtoto huyu niligundua sifa iwe fupi, iwe papo hapo, na ifuatiwe na kazi: “Umepata. Sasa mweleze mwenzako bila kumtajia jibu.” Hilo la pili lilimtoa jasho. Na siku alipongoja jirani yake afikiri mpaka akapata mwenyewe, hapo ndipo nilipomsifu kwa sauti ya darasa zima, kwa sababu kungoja kwake kulikuwa kazi ngumu kuliko kujumlisha.

Yupo wa tatu, na huyu anatuchanganya kuliko wote: mtoto asiyejiamini. Huruma inatutuma tumpake sifa nyingi. “Mchoro mzuri ajabu! Hakuna kama huu!” Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake wa Uholanzi walichapisha utafiti juu ya jambo hilo hilo. Waliwatazama wazazi wakiwafanyisha watoto wao hesabu nyumbani, wakakuta kwamba sifa za kukuza mambo ziliwaangukia zaidi watoto wasiojiamini. Kisha watoto 240 walichora wakiiga picha ya Van Gogh ya mawaridi, na kila mmoja akapata maandishi kutoka kwa mchoraji: wengine waliambiwa mchoro ni mzuri, wengine mzuri mno kupita kiasi, wengine hawakuambiwa kitu. Wasiojiamini waliopewa sifa iliyokuzwa walikwepa picha ngumu walipopewa nafasi ya kuchagua. Wanaojiamini, sifa hiyohiyo iliwasukuma kuzijaribu.

Mtoto asiyejiamini anapoambiwa “hakuna kama wewe” anapiga hesabu haraka: kesho sitafika hapa tena, afadhali nisijaribu. Mpe sifa ya ukubwa wa kazi yake. “Herufi zako leo zimekaa juu ya mstari.” Akitazama anaona kweli zimekaa. Hawezi kukubishia, wala haogopi kesho, kwa kuwa mstari upo na kesho.

Mnaweza kuuliza: kati ya hulka hizi, ipi bora? Daktari Marten deVries alikuwa kwa Wamasai wa Kenya wakati wa ukame wa miaka ya 1970. Alikuwa amewapima watoto wachanga, akateua 10 wepesi na 10 wagumu. Aliporudi baada ya miezi kadhaa familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho. Kati ya wepesi 7 aliopata habari zao, 5 walikuwa wamekufa. Kati ya wagumu 6, alikuwa amekufa mmoja. Ni watoto wachache, na hakuna sheria inayojengwa juu ya idadi hiyo. Lakini wazeni: huenda katika njaa ile anayelia sana ndiye aliyenyonyeshwa. Hulka tunayoiita mbaya darasani, mahali pengine ndiyo iliyobaki hai. Kila nilipoandika “mtundu” kwenye ripoti, watoto wale wa ukame walinijia.

Hoja ya nne: hulka isigeuke jina

Hapa natoa tahadhari dhidi ya hotuba yangu mwenyewe. Mtu akitoka hapa akaenda kugawa darasa, huyu mkimya, huyu mchangamfu, huyu mgumu, atakuwa amebadilisha “kipanga” na “kilaza” kwa majina mapya. Nimewaambia kwamba zaidi ya theluthi ya watoto wa New York hawakuingia kundi lolote. Na hao walikuwa watoto wa New York.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigisi magharibi mwa Kenya. Walipowaomba watoto wamsimulie mtu mzima hadithi waliyoisikia, watoto wengi walinyamaza. Mtu wa haraka angeandika: hawana lugha, hawana kumbukumbu. Nje watoto walewale walikuwa wakipiga soga na wenzao siku nzima. Ukimya mbele ya mkubwa ulikuwa adabu waliyofundishwa. Je, wangapi tumewaandika “mzito, hashiriki” hapa Mara, Mkurya, Mjita, Mzanaki, Mjaluo, Mkwaya, na kumbe nyumbani kwao wamelelewa kutoropoka mbele ya wakubwa? Adabu na hulka vinafanana kwa nje. Ili uvitofautishe, mwangalie mtoto akiwa na wenzake, kwenye mdako, kwenye kombolela, akichota maji.

Wajaluo wa ng’ambo ya mpaka, Usenge, kandokando ya ziwa letu hilihili, walichunguzwa na timu ya Elena Grigorenko na Robert Sternberg, iliyochapisha matokeo mwaka 2001. Watafiti hao wakakuta kwamba watu wale wana maneno manne kwa kile tunachokiita akili. Rieko ni ujuzi na werevu. Luoro ni heshima na kujali wengine. Winjo ni kuelewa unachoambiwa na kujua cha kufanya nacho. Paro ni kuwaza na kuanzisha jambo bila kusukumwa. Majirani zangu Wajaluo wa Rorya hapo nyuma wanatabasamu, wanayajua. Katika manne hayo ni rieko pekee lililoendana na vipimo vya shule. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuja shuleni na vipaji vitatu ambavyo hatuna hata alama ya vema ya kuviwekea.

Ninapofika hapa namkumbuka mtoto mmoja wa Butiama. Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, alipokuwa akimtembelea mwenzake Nyerere Burito, alicheza bao na kijana mdogo wa Burito, akaona jinsi anavyohesabu kete. Akamwambia baba: mpeleke huyu shule. Mwaka 1934 kijana akaja Mwisenge, katika mji huu, akiwa na miaka 12, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Aliyoyafanya baadaye akiwa Mwalimu Nyerere mnayajua. Mimi huwa natazama mwanzo wake tu. Mtemi hakumpaka mtoto maneno. Alikaa naye chini, akacheza, akaona kitu mahususi, akakisema mahali kitakapomsaidia. Nyumbani kwa mzee Burito mlikuwa na watoto wengi. Aliyekaa chini kucheza ndiye aliyeona.

Hoja ya tano: inawezekana katika darasa la watoto 80

Naisikia sauti: “Mwalimu, hayo ni ya shule za ada. Mimi nina themanini, watatu watatu dawati moja.” Nami nilikuwa nao. Tupige hesabu.

Chukua daftari la kawaida, la kurasa 80 kama lipo. Kila mtoto ukurasa wake. Kila siku teua majina matano tu, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Siku hiyo wengine wafundishe kama kawaida, lakini hao watano uwaone. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani andika kwa kila mmoja sentensi moja ya ulichomwona akifanya. Kufanya, siyo kuwa. “Aliazima rula, akaomba kwanza.” “Alianzia mamoja, akapeleka moja kwenye makumi bila kukumbushwa.” “Alisoma aya akaruka maneno mawili, akarudi mwenyewe.” Kisha mwambie, kwa njia inayomfaa: kwa wino, kwa sikio wakati wa kusahihisha, au kwa sauti mbele ya wote. Watano kwa siku, watoto 80 wanaisha kwa siku 16. Mwaka wa masomo una siku 194. Kila mtoto ataonwa mara 12. Mwenye darasa la watoto 45 atawaona kila mmoja zaidi ya mara 21.

Wa kwanza kubadilika atakuwa wewe mwalimu. Mimi katika mzunguko wangu wa kwanza nilikuta kurasa 9 ambazo sikuweza kuandika kitu. Watoto tisa niliokaa nao chumba kimoja tangu Januari! Nilijua majina yao kwa sababu niliyaita kila asubuhi.

Wazazi, ninyi hamhitaji daftari, na wala si lazima ujue kusoma. Mtoto akileta zoezi, kabla ya kutafuta alama, mwekee kidole mahali popote na umuulize, “Hapa ulifanyaje?” Akieleza, umempa nafasi ya kufundisha. Akishindwa kueleza, mmejua wote wawili pa kuanzia. Na kazi za nyumbani zina mambo mengi ya kusifia kuliko daftari. Mtoto aliyegeuza dagaa kabla mvua haijafika ametazama mbingu, akapima, akaamua. Mwambie hivyo. Mwambie kwa Kikurya, kwa Kijita, kwa lugha aliyonyonya. Sifa ya lugha ya mama ina uzito ambao “safi sana” haiufikii. Bibi asiyejua kusoma anaweza kumsifu mtoto kwa paro na winjo yake kila jioni.

Jambo dogo kwa viongozi. Mnapokuja kugawa zawadi shuleni, ombeni mwalimu mkuu awatajie, pamoja na kumi bora, watoto kumi waliorekebisha kosa lao wenyewe muhula huo, na muulize ni kosa gani. Wasiotaka kusimama mbele wasilazimishwe. Barua fupi yenye mhuri wa kata itafika nyumbani.

Sasa niwaombe. Shule zitafunguliwa Januari. Natafuta walimu watano wa kata hii, wa darasa lolote kuanzia la Kwanza hadi la Nne, watakaokubali kushika daftari hilo kwa muhula mmoja. Madaftari nitayanunua mimi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakuwa hapa saa kumi jioni. Tutakaa, tutasoma sentensi zetu, tutaulizana ni mtoto gani anapenda wino na yupi anapenda sauti, na wapi tumekosea. Mwishoni mwa muhula tutawaita wazazi hawa hawa waje wasikilize tulichokiona, kibaya na kizuri, na watuambie wanachokiona wao nyumbani. Kama haikufaa, tutasema haikufaa.

Watakaojiunga waje hapa mbele tukimaliza, waandike majina. Na kabla hujaja, fumba macho upitie darasa lako dawati kwa dawati, upate jina la mtoto ambaye huna sentensi ya kumwandikia. Njoo na jina hilo. Daftari lako litaanza na ukurasa wake.

Nakaribisha maswali, na akina mama wa dagaa waulize kwanza, naona upande wa ziwani kumeanza kuwa kweusi.